Kioo cha gari kinachokataa kubahatisha

Leo naweka hifadhidata na seva kando, niongee juu ya kioo cha gari. Msicheke. Ndani ya mlango wa gari lako kuna programu ndogo ambayo, kwa maoni yangu, imeandikwa kwa busara kuliko programu nyingi tunazouziana hapa Nairobi. Na kuna watu wanaolipa pesa ili iondolewe.

Jambo lenyewe ni hili. Betri ya gari imekufa au imetolewa, kisha imerudishwa. Kuanzia hapo swichi ya dirisha la dereva, ile yenye neno AUTO, inaacha mazoea yake. Awali uliivuta mara moja tu, kioo kikapanda chenyewe hadi juu. Sasa kinapanda wakati umeishikilia tu, ukiachilia kinasimama. Katika baadhi ya magari taa ya swichi nayo inawakawaka. Unampelekea fundi, anakwambia mota imekwisha. Unanunua mota.

Mimi nasema mota haijaisha. Kioo kinakataa kubahatisha, na kina haki ya kukataa. Nitaeleza.

Tuanze na chuma. Ukitoa kava ya ndani ya mlango utakuta mashine ya kioo ya aina moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya mkasi: mikono ya chuma iliyopishana, na gia kubwa yenye umbo la kipande cha chapati. Gia ikizunguka, mkasi unajikunja au kujinyoosha na kioo kinapanda au kushuka. Ya pili ni ya waya: waya wa chuma kama wa breki ya baiskeli, umezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki, unavuta kioo juu na chini kwenye reli. Kioo kikidondoka ndani ya mlango, au ukisikia kitu kinasagika, hapo waya au plastiki imevunjika. Hilo ni tatizo la chuma, na fundi wako yuko sawa kudai spea.

Mota yenyewe ni ndogo, ya volti 12. Ukigeuza umeme, chanya kuwa hasi, inazunguka upande wa pili. Mbele yake kuna gia iliyokatwa kama skrubu, inayosukuma gurudumu la meno. Skrubu inaweza kuzungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuzungusha skrubu. Ndiyo maana mwizi hawezi kusukuma kioo chako chini kwa mikono.

Sasa fikirini upande wa pili wa sifa hiyo. Mtoto amepiga magoti kwenye kiti, kichwa nje ya dirisha, na kioo kinapanda. Mota ikizimwa, kioo hakilegei. Kinabaki palepale kilipobana, kwa sababu ya skrubu ileile inayomzuia mwizi. Kuzima hakuokoi mtu. Kinachookoa ni kurudisha kioo chini, na lazima kitokee haraka kuliko mzazi anavyoweza kugeuka na kutafuta swichi.

Hapa ndipo programu inapoingia. Kwenye mhimili wa mota kuna sumaku, na pembeni sensa mbili zinazohesabu mapigo kila mota inapozunguka. Sensa ni mbili ili kompyuta ya mlango ijue mwelekeo: ipi imepiga kwanza. Wale tuliotumia mausi zenye mpira tunaijua hesabu hii, ni ileile. Kwa kuhesabu mapigo, programu inajua kioo kiko wapi. Kwa kupima muda kati ya pigo na pigo, inajua kama kuna kitu kinakizuia. Mapigo yakichelewa ghafla, inageuza umeme na kioo kinashuka.

Kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka dirisha lenye kinga hii ligeuke kabla ya nguvu ya kubana kuzidi nyutoni 100. Hiyo ni kama uzito wa pakiti tano za unga wa kilo 2. Lakini soma vizuri: sharti hilo ni kwa nafasi iliyobaki kati ya milimita 4 na 200. Kwa nini milimita 4? Kwa sababu juu kabisa kioo kinaingia kwenye mpira wa fremu, na mpira unakizuia. Kwa sensa, mpira na kidole vinafanana. Kinachovitofautisha ni mahali tu. Ukizuiwa juu kabisa ni mpira, endelea. Ukizuiwa chini ya hapo ni mtu, rudi.

Umeona basi? Kinga nzima inategemea kujua mahali. Betri ikikatika, magari mengi husahau hesabu ile. Programu inaamka haijui juu ni wapi. Ingeweza kukisia. Ingeweza pia kugoma kabisa, ukabaki na dirisha wazi kwenye mvua. Haifanyi lolote kati ya hayo. Inaondoa kitu kimoja tu, kile cha hatari, yaani kupanda peke yake, na kukuachia kingine: shikilia swichi, angalia kwa macho yako, ukiona mkono achilia.

Ndugu zangu waandishi wa programu, ni wangapi kati yetu tunafanya hivyo? Mtandao ukikatika katikati ya malipo, programu nyingi hurudia tu na kumtoza mteja mara mbili, au hufa na kumwonyesha ukurasa mweupe. Hatukufikiria njia ya tatu: sema hujui, punguza mamlaka yako, mkabidhi binadamu usukani mpaka ujue tena.

Kinachonikera ni jinsi tunavyojibu busara hiyo. Wengine wanafunga mota isiyo na sensa, wakivuta waya moja kwa moja. Wengine wanaunganisha na alamu kisanduku cha kufunga vioo vyote ukibonyeza rimoti, ukiwa umeshageuka unaelekea dukani. Kabla hujanunua kisanduku hicho muulize muuzaji swali moja: kikikutana na mkono kinafanya nini? Akianza kuzungumzia bei, ondoka.

Najua mtanijibu kwamba kwenye foleni ya jioni simu inanyakuliwa dirishani, na kioo kinatakiwa kifunge upesi. Ni kweli. Lakini AUTO haiongezi mwendo wa mota. Kasi ni ileile. Inachokupunguzia ni kushikilia kidole kwa sekunde chache.

Dawa ya tatizo lenyewe mara nyingi ni bure. Katika magari mengi unawasha swichi ya gari, unashusha kioo hadi nusu, unavuta swichi ya dirisha mpaka kioo kifike juu kabisa, kisha unaendelea kuishikilia sekunde chache. Kompyuta inajifunza upya juu ni wapi. Kila gari lina utaratibu wake, kwa hiyo soma kitabu chake. Hakikisha hakuna mtu karibu na dirisha, kwa sababu wakati wa kujifunza kinga huenda isifanye kazi. Baadaye ijaribu kwa roli ya tishu, kamwe si kwa mkono. Ikigoma baada ya hapo, sasa nenda kwa fundi.

Na msisahau: magari mengi madogo tunayoyaleta kutoka Japani yana AUTO kwa dereva peke yake. Madirisha ya nyuma, wanakokaa watoto, hayana sensa wala programu. Marekani ilitunga sheria mwaka 2005 kwamba swichi iwe ya kuvuta ili kufunga, kwa sababu watoto walikuwa wakikanyaga swichi za kubonyeza kwa magoti. Hiyo nayo ni programu nzuri, ingawa ni plastiki tupu. Sisi tuna kitufe cha kufunga madirisha ya abiria, kiko mlangoni kwa dereva. Kitumieni.

Kwa hiyo kioo kikikataa AUTO, usikitukane. Kimekwambia ukweli: sijui niko wapi. Kionyeshe, kitaendelea na kazi.

Haya, nasubiri maoni yenu, hasa ya mafundi wa Grogan. Mnibishie kwa hoja.