Jina la Chakula Liandikwe juu ya Gunia

Swali moja lasikika mara nyingi siku hizi, sokoni na hata katika vyumba vya wagonjwa: "Unga huu wa kutoka ng'ambo ya mpaka ni wa mahindi ya kweli, au ni wa yale mahindi yaliyogeuzwa na wataalamu? Hautatuletea ugonjwa?"

Swali hili si la upuzi. Sisi watu wa Haut-Katanga hula bukari kila siku, na mahindi ya mashamba yetu hayatoshi. Magunia mengi hupita Kasumbalesa, yakitoka Zambia na Afrika ya Kusini. Tena serikali ya Kongo na serikali ya Zambia zilipatana kujenga barabara ya kutoka Kasomeno mpaka Mwenda, pamoja na daraja juu ya mto Luapula. Barabara hiyo itakapokwisha, kamyo za chakula zitapita mlangoni petu. Basi inafaa tujue jambo hili vizuri, tusiwe watu wa kuogopa bure wala watu wa kukubali kila kitu.

Mahindi yaliyogeuzwa ni nini?

Kila mmea una jeni. Hizo ni kama maagizo madogo yaliyo ndani yake, yanayopita kutoka mbegu moja hata nyingine. Tangu zamani mkulima amechagua mbegu za hindi kubwa ili apate mahindi makubwa. Lakini katika kazi hii mpya wataalamu huchukua jeni ya kiumbe kingine na kuitia ndani ya mmea.

Mfano ni mahindi yanayoitwa Bt. Jeni yake ilitoka kwa bakteria wanaokaa katika udongo. Kwa sababu ya jeni hiyo, mmea hutengeneza protini inayoua viwavi wanaotoboa bua. Kiwavi akila, matumbo yake huharibika. Katika tumbo la mtu, protini hiyo huyeyushwa kama protini nyingine za chakula. Afrika ya Kusini walianza kupanda mahindi ya namna hii mwaka 1998, na mahindi meupe ya chakula cha watu mwaka 2001.

Je, yana sumu?

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba vyakula vya namna hii vinavyouzwa leo kati ya mataifa vilipimwa, na havielekei kudhuru afya ya watu. Mwaka 2016 wataalamu wa akademia ya sayansi ya Marekani walichungua mamia ya maandiko ya utafiti. Hawakuona kwamba vyakula hivi huwadhuru watu kuliko vyakula vingine.

Lakini tusiseme kwamba kila kitu kinachotoka katika maabara ni kizuri. Zamani wataalamu walitia jeni ya njugu za Brazil katika soya. Walipoipima, mwaka 1996 walitangaza kwamba watu ambao miili yao hukataa njugu hizo wangeweza kuugua kwa kula soya hiyo. Kwa hiyo haikuuzwa kamwe. Hapo twaona kwamba kila mmea upimwe peke yake. Kusema "yote ni sumu" ni kosa, na kusema "yote ni salama" ni kosa vilevile.

Mambo ya majirani

Mwaka 2002 njaa ilikuwa kali kusini mwa Afrika. Katika Zambia watu zaidi ya milioni 2 walihitaji chakula. Mahindi ya msaada yalifika kutoka Marekani, na kati yake yalikuwamo yaliyogeuzwa. Rais Levy Mwanawasa aliyakataa, hata yaliyosagwa. Zimbabwe na Msumbiji zilikubali kuyapokea, lakini yasagwe kwanza. Kwa nini yasagwe? Kwa sababu mtu akipewa punje nzima, nyingine atazila, nyingine atazipanda. Hapo mbegu za kigeni zitachanganyika na mbegu za nchi, na mkulima hatajua tena ana mbegu gani.

Katika Kenya, Novemba 2012, serikali ilikataza vyakula hivi visiingie. Mwaka huohuo utafiti mmoja wa Ufaransa juu ya panya ulikuwa umetia watu hofu. Mwaka 2013 jarida lililouchapa liliuondoa, lakini katazo lilikaa mpaka Oktoba 2022, tena lilipoondolewa watu walikwenda mahakamani. Mahali ambapo watu hawaamini wanaloambiwa, kutangaza tu hakutoshi.

Kwa nini jina liandikwe?

Wauzaji wengine husema: "Tukiandika, watu watadhani ni sumu, nao hawatanunua." Sisi hatukubali neno hili. Katika hospitali hakuna muuguzi mwema atoaye dawa katika chupa isiyo na jina, hata kama dawa ni nzuri kabisa. Jina si tangazo la hatari. Mtu hupewa jina la kitu ili achague mwenyewe, tena shida ikitokea ijulikane imetoka wapi.

Jambo hili limekwisha kuonekana. Mwaka 2000 huko Marekani mahindi yaitwayo StarLink, yaliyoruhusiwa kwa chakula cha wanyama tu, yalikutwa katika chakula cha watu. Kwa kuwa majina ya bidhaa na watengenezaji yalijulikana, vyakula vile viliondolewa madukani. Watu kadhaa waliodhani wameugua walipimwa, na mwaka 2001 waganga hawakuona dalili kwamba mahindi yale ndiyo yaliyowadhuru. Lakini fikiri: jambo kama hilo likitokea katika gunia lisilo na maandishi, lililokwisha kugawanywa meka kwa meka sokoni, nani atalifuata?

Kwa hiyo wenye mamlaka ya mpaka na wenye viwanda vya unga waandike juu ya kila gunia: mahindi yametoka nchi gani, ni yaliyogeuzwa au siyo, nani aliyasaga, na siku gani. Tena waandike kwa lugha ambayo mama anayenunua aweza kuisoma. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria huamuru yaandikwe kama sehemu iliyogeuzwa yapita 0.9 kwa mia. Je, mla bukari wa Kasomeno hastahili kujua kama mla mkate wa Ulaya?

Sumu tunayoijua

Mwisho, tusitazame mpaka hata tukasahau ghala yetu wenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu yaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 katika Kenya, hasa upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 walikufa. Mahindi yale yalikuwa ya mashamba ya kawaida, yaliyowekwa kabla ya kukauka vizuri. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Kwa mtu aliyeila kidogo kidogo miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini.

Kwa hiyo, mama, fanya hivi. Kausha mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Chagua punje moja moja, na zile zenye ukungu usile, wala usipe kuku. Usipande punje za gunia usilolijua asili yake. Na kila unaponunua unga, muulize mwuzaji: "Umetoka wapi?" Watu wengi wakiuliza hivyo kila siku, wauzaji nao wataanza kuandika.