Kingamwili si ugonjwa, mfugaji asiuze ng'ombe kwa hasara

Wafugaji wa Kisaki, wilayani Morogoro, wanaijua vizuri hasara ya kupe. Eneo hilo linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako nyati hubeba vimelea vya ndigana kali bila kuugua, kisha kupe huvihamishia kwa ng'ombe. Huko huko wapo mbung'o wanaoeneza nagana. Ng'ombe akipata homa na kuvimba tezi, si rahisi kujua kwa macho ni ugonjwa upi.

Kwa sababu hiyo vipimo vya damu ni vya lazima. Tatizo ni pale majibu yanaposomwa vibaya, hasa ya kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na vimelea. Jibu la "anao" lina maana kwamba mnyama aliwahi kukutana na vimelea hivyo. Halisemi kwamba anaumwa leo.

Ng'ombe aliyepona ndigana kali huendelea kuwa na kingamwili kwa muda mrefu. Aliyepata chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, anazo pia. Ndama huzipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Zaidi ya hapo, baadhi ya vipimo huchanganya vimelea vya ndigana kali na vya jamaa zake wasio na madhara makubwa. Kwa upande mwingine, ng'ombe aliyeanza kuugua anaweza kuonekana hana kitu, kwa kuwa mwili bado haujatengeneza kingamwili za kutosha.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kipimo hukosea kwa ng'ombe 5 katika kila 100 wazima. Katika kundi la ng'ombe 100 wenye wagonjwa 2 tu, majibu yataonyesha "wagonjwa" wapatao 7, na 5 kati yao ni wazima. Mfugaji akiwapeleka wote mnadani kwa bei ya kutupa, amepoteza mtaji wake bure. Akiwatibu wote, amenunua dawa ya ndigana kali, ambayo ni ghali, kwa wanyama wasioihitaji. Na kama mgonjwa ana nagana, dawa hiyo haimsaidii. Atakufa huku mwenyewe akiamini ametibiwa.

Ni vyema basi mfugaji amwombe mtaalamu wa mifugo achukue majimaji ya tezi iliyovimba na tone la damu, yapakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Hapo vimelea vyenyewe hutafutwa, si nyayo zake. Kazi hiyo ifanyike mapema, kwani ndigana kali huua katika wiki chache na dawa yake hufaa zaidi mwanzoni. Kumbukumbu za chanjo na hereni za masikio zitunzwe, na mtaalamu aelezwe kabla ya kupima.

Wafanyabiashara wa mifugo nao waache kushusha bei kwa kuonyeshwa karatasi ya kingamwili pekee. Ng'ombe aliyepona au kuchanjwa ana kinga dhidi ya ugonjwa unaoua wengi, na katika eneo lenye kupe kama Kisaki anastahili bei nzuri kuliko yule ambaye hajawahi kukutana nao.