Pisti bila mnara: sauti ya piloti njo inatulinda

Kila mutu mwenye anafanya kazi ku shimo anajua sheria hii: wa juu haachilii kamba mbele wa chini aitike. Na haitoshi kusikia sauti tu. Kama kuko shimo ingine pembeni, mutu wa kule anaweza kuitika "achilia!", kumbe haiko yeye tulikuwa tunauliza. Ndiyo sababu tunaita kwa jina, na tunangoja jina lirudie. Leo tunaandika juu ya ndege, lakini mambo ni yaleyale.

Wengi kati yetu, pamoja na bibi na watoto, tunapanda ndege ndogo kwa kufika Shabunda, Punia ao Kalima, juu barabara imekufa. Ndege inaleta muchele na chumvi, inarudia na kasiterite. Karibu na Walikale, ndege zilitua miaka mingi hata ku barabara ya lami. Pisti za namna ile hazina mnara wa kuongoza ndege. Hakuna mwenye kuambia piloti: wewe tua, wewe ngoja. Watu wanasema mbingu ni kubwa, ndege mbili haziwezi kukutana. Mbali na pisti, ni karibu kweli. Lakini wote wanatafuta pisti ileile moja, wanashuka kwa urefu uleule. Pale mbingu inakuwa njia nyembamba.

Mapiloti wako na sheria kwa mambo haya. Kila mumoja anasema ku radio, kwenye frekansi moja ya wote: mimi ni nani, niko wapi, nataka kufanya nini. Wanazunguka pisti upande mumoja, mara nyingi wakikata kushoto, karibu metre 300 juu ya udongo. Mwenye amekwisha kushuka chini kwa kutua anapita wa kwanza. Kama wawili wanakuja uso kwa uso, kila mumoja anakata kuume. Na macho yanabaki inje, juu radio inaweza kufa, ao mwingine anasema kwenye frekansi ingine.

Wakivunja sheria, watu wanakufa. Tarehe 18 Agosti 2022, kule Watsonville, California, ndege ndogo ya masomo ilikuwa inazunguka pisti yenye haina mnara. Ingine kubwa kidogo ikakuja moja kwa moja, mwendo wake ukipita kilometre 300 kwa saa. Wote wawili walikuwa wanasema ku radio. Mudogo aliona mwingine anamufikia mbio, akasema anaacha kutua. Ilikuwa kuchelewa: watu 3 walikufa. Kusema bila kufuata njia ya wote hakusaidii.

Tarehe 19 Novemba 1996, kule Quincy, Illinois, ndege moja ilikuwa inatua, ikauliza ndege yenye ilisimama ku pisti ingine yenye kukata ile: unangoja? Sauti ikaitika kwamba inangoja. Lakini ilikuwa piloti wa ndege ya tatu. Ndege mbili zikagongana palepale pisti zinakutana, watu 14 wakafa. Muchimbaji anaelewa ajali hii kuliko mutu wa ofisi: shimo ya jirani njo iliitika.

Kuko wenye watasema: tungoje radari na mnara. Tunakubali, viwanja vikubwa vinazihitaji. Lakini Marekani yenyewe, kati ya viwanja karibu 5,000 vyenye kufunguliwa kwa watu wote, karibu 500 tu viko na mnara. Kukosa mnara haiko haya. Haya ni kukosa utaratibu.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu kwa Autorité de l'aviation civile na Régie des voies aériennes. Kila pisti ya mugodi iwe na frekansi moja yenye kujulikana, na upande mumoja wa kuzunguka, na mapiloti wote wapewe habari hiyo. Pawe mutu mwenye amefundishwa, na radio: haamuru ndege, anatoa habari tu, upepo uko wapi, nani yuko ku pisti, nani anakuja. Na piloti mwenye anaingia bila kusema aulizwe, hata kama mwenye ndege ni mukubwa. Tangu 2009 tunalipa Go-Pass kwa ajili ya kutengeneza viwanja. Radio ya mukono ni dola mia kadhaa. Tusiambiwe hakuna makuta.

Lakini na sisi tuko na kosa. Ni sisi tunasukuma piloti: "Papa, mvua inakuja, shuka tu moja kwa moja!" Piloti mwenye kuharakishwa anaacha kuzunguka, anakuja sawa vile ile ndege ya Watsonville. Ni sisi tunapanga mizigo mpaka ku dirisha, piloti haoni upande. Ni sisi tunapiga masolo naye wakati anasikiliza radio.

Tubadilike. Ndege ikianza kushuka, tunyamaze. Mwenye ameketi karibu na dirisha aangalie inje. Akiona ndege ingine, aonyeshe piloti kwa kidole, palepale, bila haya. Na piloti akizunguka mara ya pili, tusimutukane kwamba anapoteza wakati. Ku shimo, hakuna mwenye anakasirikia mutu mwenye anaita jina mara mbili.