Shida Si Betri ya Haibridi, Shida Ni Sisi

Kila nikiweka picha ya gari yangu, lazima mtu aulize: "Na siku betri itakufa utafanya nini?" Halafu kuna yule mwingine aliyeuziwa ndoto kwenye yadi ya magari, anayeamini haibridi hunusa tu petroli na kwenda. Mimi naona wote wawili wamekosea. Najua kuna mafundi watanikasirikia kwa haya ninayoandika. Sawa tu.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kuelewana na hali ya nyumbani. Mzee akachukua mkopo wa sacco, marafiki zake watatu wakamdhamini, akanunua Toyota Aqua ya 2014 iliyokuwa imetembea Japani na kutembea tena hapa Nairobi mikononi mwa mtu mwingine. Mpango ulikuwa niendeshe teksi, nilipe mkopo, na kikibaki kitu nirudi shule. Mama hakupenda kabisa. Aliniambia, "Umeacha vitabu ukaoe gari." Kwa hivyo hiyo gari kwangu si gari tu. Ina majina ya wazee watatu ndani yake, na nikishindwa kulipa, wao ndio watakatwa.

Mwezi wa nne hivi, jioni, kwenye jamu ya Thika Road karibu na Roysambu, nikasikia feni ya nyuma inavuma kama ya saluni. Dakika chache, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi na gari ikakosa nguvu. Nikaegesha kando, nikamwomba abiria msamaha, akashuka akatafuta usafiri mwingine. Nikabaki ndani nikipiga hesabu ya mkopo badala ya kumpigia mtu simu.

Gereji ya kwanza, jamaa akachomeka kile kimashine cha kusoma kompyuta ya gari, akakiangalia kidogo, akasema: "Betri imeenda, kijana. Leta laki moja na arobaini." Hakufungua kitu. Hata kiti hakuinua. Nilipouliza kama kuna njia nyingine, akanitazama kama mtu anayebishana na daktari.

Nilikataa, si kwa ujanja, ni kwa sababu sikuwa na hiyo pesa. Umaskini siku hiyo ulinisaidia.

Gereji ya pili nilimpata fundi mzee asiye na maneno mengi. Akasema, "Ngoja kwanza tuone inapumua vipi." Sasa hapo ndipo nilisomea darasa ambalo sikupata chuoni. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Ni moduli 20 zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu, zikiunganishwa zinatoa volti 144. Hiyo betri hupata joto ikifanya kazi, na kinachoipoza ni feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, pale abiria anapokaa, kupitia kitundu kilicho kando ya kiti cha nyuma. Yaani betri yako inapumua hewa ileile unayopumua wewe.

Akafungua. Kulikuwa na vumbi limeshikana kama blanketi, nywele, maganda ya njugu na nyuzi za sweta. Gari ya teksi, abiria wa kila aina, mizigo imerundikwa juu ya kile kitundu, na barabara zetu mnazijua. Akapima moduli, zote zilikuwa zinakaribiana. Akaosha feni, akasugua vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, ambavyo vilikuwa vimeanza kuwa kijani, akarudisha. Shilingi 3,000. Ni mwezi wa kumi na moja sasa na hiyo taa haijarudi.

Sisemi kila betri inayosumbua ni vumbi. Betri huzeeka, na moduli hufa kweli. Na zikifa, jihadhari na yule anayekuambia abadilishe moja tu halafu uende zako. Moduli ngeni kati ya wazee kumi na tisa haitafanana nao nguvu. Mara nyingi baada ya miezi michache nyingine inaanguka, unarudi, unalipa tena. Afadhali mtu apime zote, apange zinazolingana, au ununue betri nzima yenye waranti ya maandishi. Na tafadhali, usifungue mwenyewe kwa sababu umeona video. Zile nyaya za rangi ya machungwa si za redio. Zinaua.

Lakini kabla ya kufika huko kwa betri, ebu tuwe wakweli: wangapi kati yetu tunaihudumia hii gari inavyotaka? Tunanunua haibridi kwa sababu petroli imetuchosha. Septemba 2023 lita moja Nairobi ilipita shilingi 211, na tangu hapo kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei tunashika roho mkononi. Halafu tukishaipata gari yenyewe, tunaipeleka kwa mtu anayemwaga oili nzito ya 20W-50 kwa sababu "injini imezeeka", ilhali kitabu cha gari kinataka 0W-20. Injini ya haibridi huzimika na kuwaka mara nyingi sana kwa safari moja. Oili nzito kila inapowaka ni mzigo, na huo mzigo unalipwa kwa petroli.

Tairi ni hivyo hivyo. Upepo tunajaziwa pale petroli kwa kukadiria. Kuna kibandiko kwenye mlango wa dereva kinachosema kiwango, kisome, na upime asubuhi tairi zikiwa baridi. Maji ya kupoza inveta yana chombo chake, si yale ya injini, na kuna madereva wa miaka mitatu hawajui hata kiko wapi. Ile betri ndogo ya kawaida ikichoka, gari huonyesha taa za ajabu mpaka mtu anakuuzia betri kubwa bure. Anza na hiyo ndogo.

Na mguu wako je? Hapa ndipo ninagombana na madereva wenzangu. Kwenye jamu mtu anaweka N ati anaokoa mafuta. Kwa hizi Toyota, ukiwa kwa N betri haichajiwi. Unakaa hapo unaimaliza kwa kiyoyozi na redio, halafu injini inakuja kufanya kazi ya ziada. Acha kwa D, kanyaga breki. Ukiona taa nyekundu mbele, achilia mapema na ukanyage breki polepole, ndiyo mota igeuze ule mwendo kuwa stima na kuurudisha kwa betri. Ukifunga breki ghafla kama matatu, huo mwendo unageuka joto na vumbi la pedi. Ukishuka Mai Mahiu, tumia B, usishuke na N ukifikiri una akili.

Kuna pia hii ya kuzima kiyoyozi ili "kula kidogo". Nairobi asubuhi, sawa. Lakini Mombasa mchana, vioo vimefungwa, ndani kunachemka? Kumbuka betri inapumua hiyo hewa. Unaokoa petroli ya mia moja ukichoma kitu cha laki.

Matokeo yangu ni haya. Nilipoanza nilikuwa napata kilomita 16 kwa lita. Sasa napata 22. Toyota walipoizindua Aqua Desemba 2011 walitangaza kilomita 35.4, lakini hicho ni kipimo cha maabara ya Japani, si cha Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Sikimbizani nacho. Nikiendesha kilomita 150 kwa siku, tofauti ya 16 na 22 ni lita mbili na nusu. Siku 26 ni lita 65. Tuseme lita ni shilingi 180, hiyo ni 11,700 kwa mwezi. Hakuna kifaa cha miujiza nilichonunua. Ni oili sahihi, upepo, feni safi na mguu mwepesi.

Si kila mtu anunue haibridi. Kama safari zako ni za barabara kuu kwa kilomita 110 kila siku, faida itakuwa ndogo, maana hii gari hula raha mjini kwenye simama-enda. Kama unakaa mahali ambapo fundi wa karibu anayeijua yuko kilomita mia mbili, nunua gari ya kawaida ulale. Lakini usiniambie haibridi ni mbaya kama hujawahi kuinua kile kiti.

Kinachoniuma ni kwamba hofu hii ina wenyewe. Mtu akiogopa betri, unaweza kumuuzia betri. Mimi ningekuwa na hiyo laki moja na arobaini siku ile, ningelipa, na leo ningekuwa hapa nikiwaambia haibridi ni wizi.

Mkopo umebaki miezi saba. Mama sasa huniuliza, "Imeamkaje?" kama anauliza mtoto. Na fomu za kurudi chuo nimezichukua, ziko kwenye kisanduku cha gari.

Wewe leo jioni ukiegesha, kabla ya kufunga milango, gusa kile kitundu kando ya kiti cha nyuma. Ukitoa kidole kikiwa cheusi, kesho asubuhi uko kwa fundi. Na ukifika, simama hapo uone akifungua.