Tumaini si kungoja mvua



Natoa maoni yangu kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Siku hizi wapo wananchi wanaosema Mungu hamtupi mja wake, mvua zitarudi tu. Wapo na wanaosema dunia imekwisha kuharibiwa na moshi wa mataifa tajiri, hivyo mkulima wa jembe la mkono hana la kufanya. Kwa maoni yangu watu hawa ni wamoja: wote wamekaa, hakuna anayefanya kazi.

Wenzetu wa Shinyanga wametuonyesha njia nyingine. Mkoa ule ulifyekwa miti ili kuua mbung'o na kulima pamba, hata ukaelekea kuwa jangwa. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti mingi haikutoka kwenye vitalu. Ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, mara wananchi walipozuia mifugo na mashoka.

Tuangalie maana ya ngitili. Msukuma hufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Anapofunga hajui kiangazi kitakuwa kirefu kiasi gani, wala hakuna aliyemwahidi lolote. Hilo ndilo tumaini: kufanya kazi leo kwa ajili ya kesho usiyoijua.

Sisemi kwamba ngitili zitapoza dunia. Mwaka 2024 joto la dunia lilizidi lile la kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5, na wanaopaswa kupunguza moshi kwanza ni wale walioutoa kwa wingi. Tuwadai bila kuona haya. Lakini anayedai huku amebeba shoka begani, nani atamsikiliza?

Nashauri kila kijiji chenye ardhi kitenge ngitili au msitu wake, na sheria ndogo ziwabane wote, wakiwemo viongozi wenye ng'ombe wengi. Mlinzi akimkamata mchungaji wa mnyonge na kumwachia wa mwenyekiti, ngitili hiyo haitadumu.

Shime wananchi! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Msomaji wako,
Dodoma.