Stendi Haina Kosa, Uliza Ardhi

KANDO YA BARABARA
Na Josphat Lemayian

Jumapili isiyo na mvua, barabara ya Magadi hunguruma. Pikipiki kubwa kutoka Nairobi hupita Kiserian, hufika Corner Baridi, kisha huteremka Bonde la Ufa kuelekea Oltepesi, Olorgesailie na Magadi kwenyewe. Wenye pikipiki hizo huvaa jaketi za ngozi na mabuti mazito, na kona za mteremko ule wanazimudu barabara. Aibu huwapata wakishafika. Pikipiki iliyostahimili safari nzima huanguka ikiwa imezimwa, mbele ya duka la soda, na watu wanatazama.

Nimelishuhudia hilo Oltepesi. Bwana mmoja aliiegesha BMW GS yake pale lami inapokwisha na vumbi kuanza. Kijana wa boda aliyekuwa amelalia tangi la Boxer yake akainua kichwa.

"Mkubwa, hapo haitasimama."

"Iko sawa tu, kijana."

Mwenye GS alikuwa hajamaliza kuvua glavu wakati mguu wa stendi ulipoanza kuzama. Ulizama polepole, kama kwamba pikipiki inasinzia, kisha chuma chote kikalala kwa ubavu wa kushoto na mkono wa klachi ukakatika. GS ya aina ya R 1250 ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta. Waliokuja kuiinua ni vijana wale wale wa boda, na yule aliyeonya hakusema neno. Ustaarabu huo mimi ningeshindwa nao.

Kosa hapo si la stendi wala la kampuni iliyoiunda. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, sehemu ya uzito wake hubebwa na kipande cha chuma kisichozidi upana wa vidole vichache. Kwenye simiti hilo si tatizo. Kwenye vumbi jepesi la Oltepesi, au udongo mweusi wa Kitengela ulionyeshewa, chuma hicho huingia ardhini tu. Hata lami haiaminiki: jua la mchana huku bondeni huilainisha, na pikipiki iliyosimama wima saa nne unaweza kuikuta imelala saa saba. Dawa yake haina gharama. Weka kipande cha ubao, kifuniko cha chuma au jiwe bapa chini ya mguu wa stendi, ili uzito usambae. Mawe hapa hayakosekani, ila tafadhali usiokote yale ya Olorgesailie. Akina Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940, nayo ni mashoka ya watu wa kale, mali ya taifa, si vigingi vya kuzuia pikipiki.

Jambo la pili ni mteremko, na hapa hata waendeshaji wazoefu hubabaika. Stendi ya pembeni hufunguka kwa kusukumwa mbele na hujifunga kwa kurudi nyuma. Ukiegesha huku gurudumu la mbele likitazama bondeni, pikipiki ikisogea mbele kidogo tu ardhi huushika mguu wa stendi, stendi hujikunja, na mchezo umekwisha. Elekeza gurudumu la mbele juu mlimani. Hapo uzito huivuta pikipiki nyuma na stendi huzidi kukaza. Zima injini, iache kwenye gia ya kwanza, kata usukani wote kushoto, kisha itikise kidogo kabla ya kuiachilia. Isipotulia, tafuta mahali pengine. Usibishane na ardhi.

Angalia pia ubavu. Upande wa kushoto ukiwa chini sana, pikipiki hulala kupita kiasi. Ukiwa juu, husimama wima mno, na hapo mbuzi mmoja aliyekuja kujikuna anatosha kuiangusha upande wa kulia, kusiko na stendi. Ikianza kwenda, iache iende. Mguu uliobanwa na kilo 249 ni hasara kubwa kuliko kioo cha pembeni.

Ikishaanguka, zima swichi kwanza, maana petroli huweza kumwagika na bomba la moshi bado lina moto. Kama imelala upande wa kulia, fungua stendi kabla ya kuiinua, usije ukaiangusha upande wa pili. Kisha ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Anayeinama na kuivuta kwa kiuno atamtafuta daktari kabla ya fundi.

Msomaji wa Oltepesi atauliza haya yanamhusu nini, ikiwa GS hajawahi hata kuipanda. Yanamhusu sana. Boxer tupu ina uzito unaokaribia nusu ya GS, lakini ni Boxer gani hapa hutembea tupu? Ifungie mitungi 5 ya maji ya lita 20 na umeongeza kilo 100, tena nyingi zikiwa juu na nyuma. Pikipiki hiyo sasa ni nzito kama zile za wageni wa Jumapili, na stendi yake ni nyembamba kuliko zao. Ongeza tabia ya kuketi juu yake kutwa nzima stendi ikiwa chini, wakati mwingine watu wawili wakipiga soga. Chuma hupinda, springi hulegea. Fundi wa jua kali akiombwa kuinyoosha mara nyingine huirefusha kwa kuunga kipande, na pikipiki ikawa inasimama wima kama askari, tayari kuangukia kulia. Mwambie fundi asiongeze urefu. Aongeze bati pana kwenye mguu, basi.

Na springi iliyolegea ina hatari nyingine. Stendi huning'inia barabarani, na kwenye kona ya kushoto ikigusa lami humrusha dereva na abiria wake. Ndiyo maana watu wa kando ya njia humpigia mwendeshaji kelele: "Stendi! Stendi!" Pikipiki nyingi kubwa huzima injini zenyewe ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Boda nyingi hazina kifaa hicho. Kifaa chao ni hizo kelele.

Ninaloshangaa ni hili. Kanuni za pikipiki za NTSA za mwaka 2015 zinasema habari za helmeti na jaketi za kumetameta, na ni sawa kabisa. Lakini ukikaa na vijana waliopata leseni, watakueleza walivyofundishwa kuwasha, kubadilisha gia na kuzunguka vigingi. Kuegesha kila mmoja alijifunzia stejini, kwa kuangusha. Pikipiki hupitisha saa nyingi imesimama kuliko ikitembea, na inasimama penye watu: watoto wanaotoka shule, akina mama wenye bidhaa zao chini, wazee waliojikalia kivulini. Bomba la moshi likimwangukia mtoto, hakuna wa kumlaumu kwa mwendo wa kasi.

Serikali ya kaunti ya Kajiado inaweza kulimaliza nusu ya tatizo hili kwa mifuko michache ya saruji. Kila kituo cha boda kando ya barabara ya Magadi, kuanzia Kiserian hadi Oltepesi na kuendelea, kipewe sakafu ngumu iliyosawazishwa, na bati la kivuli juu yake. Wawakilishi wa wadi, bajeti ijayo msituletee kibao kingine chenye majina yenu. Tuleteeni simiti.