Bunduki, Kihamba na Isale

Mwanafunzi wa kidato cha tatu mjini Moshi aweza kukokotoa jambo hili kwa kalamu na karatasi. Risasi ya bunduki ya AK-47 ina masi ya gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa kasi ya mita zipatazo 715 kwa sekunde. Nusu ya masi hiyo ikizidishwa kwa mraba wa kasi, tunapata nishati ya jouli 2,000 na ushei, karibu sawa na ya jiwe la kilo 2 lililoanguka kutoka kimo cha mita 100. Nguvu yote hiyo huachiliwa kwa kidole kimoja, tena pengine cha mtu ambaye hasira yake ingalipoa kabla hajavuka shamba kumfikia jirani.

Wapo wasemao kwamba kudhibiti bunduki ni kazi bure, kwani mwenye nia ya kuua atashika panga. Hoja hiyo haikosi ukweli, ila ni pungufu. Magomvi ya mipaka na mifugo yalikuwako Uchagani tangu zamani. Lakini katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipoleta bunduki na kuchukua pembe za ndovu na watumwa, watawala kama Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipata uwezo wa kuwashambulia majirani ambao mikuki peke yake isingaliwapa. Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892; mwaka 1900 walimnyonga. Kwa hiyo naiunga mkono Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, itakayo kila silaha itiwe alama, pamoja na sheria yetu ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015.

Hata hivyo sheria ya silaha haipimi mashamba. Kwa desturi za Wachaga, mzaliwa wa kwanza na kitindamimba ndio waliotazamiwa kurithi ardhi ya baba. Wa katikati walitafuta kwingine. Kwingine huko sasa ni wapi? Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro haukufikia watu 700,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 1,860,000, na mlima haukuongezeka hata hatua moja. Kihamba kilichokwisha kugawanywa mara tatu hakigawanyiki tena bila mtu kuumia. Tangu mwaka 2021 baraza la kata limebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu katika ugomvi wa ardhi, halina uwezo wa kuamua. Wengine hulisikitikia jambo hilo. Mimi nadhani usuluhishi, ukifanywa mapema na wazee wanaoijua mipaka, waweza kuokoa watu wengi kuliko hukumu ichelewayo.

Walimu wa biolojia wawaonyeshe wanafunzi isale, mmea wa jenasi ya Dracaena. Mchaga huupanda kuonyesha mpaka wa kihamba. Na jani la mmea huohuo ndilo hupelekwa kwa aliyekosewa, kuombea msamaha.